Kipimo cha bei ya chini: miezi mitatu Chunya

Nimetembea na hiki kipimo cha dhahabu, mashine ya mkononi inayolia ikipita juu ya metali ardhini, miezi mitatu sasa, kwenye eneo la leseni ya uchimbaji ya mjomba huku Chunya. Ni kile cha bei ya kuanzia: betri ndogo nne, sahani (ile duara ya chini inayopita juu ya ardhi) ya inchi 9. Wiki ya kwanza nilitaka kukitupa. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi, basi kikawa kinalia kila hatua kama mtoto mwenye njaa. Nikashusha usikivu hadi nusu, kikatulia.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuchuja, yaani kuiambia mashine isilie kwa aina fulani za metali. Nilizima mlio wa karatasi za kung'aa za pakiti za sigara nisichimbe uchafu, kumbe punje ndogo ya dhahabu inalia vilevile! Siku hizi nazima chuma tu, mengine yote nachimba. Vizibo vya soda ninavyo nusu debe.

Fanya mazoezi nyumbani kwanza. Mimi nilifukia kipande cha risasi ya nyavu za samaki badala ya dhahabu, kidogo kama punje ya mahindi: sentimita 5 kinasikika, 12 kimya. Kwa hiyo pitisha sahani karibu iguse ardhi, polepole, kila mpito ukilalia kidogo uliotangulia. Na vaa hedifoni, maana ile sauti nyembamba upepo unaimeza.

Nimepata punje mbili, jumla gramu 1.3. Hela yangu haijarudi. Dhahabu iliyo chini sana ardhini waachie wenye mashine za mamilioni. Hiki kipeleke kwenye vifusi vya zamani, na kwenye makorongo mvua ikishakata.