Tasbihi ya kaharabu ya Baltiki: uzoefu wangu

Tasbihi hii haijanitoka mkononi tangu Ramadhani, na nimeridhika nayo sana. Ina punje 33 za kaharabu ya Baltiki, bahari ya kaskazini mwa Ulaya, rangi ya siagi. Niliinunua Muttrah, Muscat, ambako huuzwa kwa gramu. Ukiishika tu, unahisi wepesi wake, wala haina ule ubaridi wa kioo au wa mawe, kwa kuwa huu ni utomvu wa miti ya zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Ukisugua punje kwa nguvu viganjani, harufu ya utomvu inatoka.

Ukungu ule wa siagi hutokana na viputo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Zilikuwepo pia punje angavu za rangi ya asali, zenye vimeto ndani kama magamba ya samaki. Muuzaji alisema wazi kwamba hizo zimepashwa moto. Si bandia, ila mimi napenda isiyopikwa.

Alinipa punje moja ya akiba, na hiyo ndiyo niliyoijaribia. Nilikoroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka ikagoma kuyeyuka, na punje ikaelea. Plastiki nyingi huzama. Lakini sisi watu wa pwani tusiishie hapo, maana sandarusi, utomvu mwingine wa miti ulioganda, nayo huelea. Ile sandarusi iliyochimbwa Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, na karne ya 19 ikapakiwa Unguja kwenda Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi, ni changa mno mbele ya kaharabu, na wapo wanaoipitisha kwa jina hilo. Nikadondosha asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Sandarusi ingenata, punje yangu haikunata hata kidogo. Kwenye tochi ya kukagulia noti ikatoa mwanga wa kibuluu.

Kasoro ni uzi. Ulianza kuchakaa mapema, nikalazimika kuitungisha upya. Kwa bei ile walipaswa kutumia uzi wa maana.

Usiichanganye na funguo mfukoni, itakwaruzika. Jipulizie manukato kwanza, yakauke, ndipo uishike. Usiiache ndani ya gari juani.

Ipo pia kaharabu ya vipande vilivyoshinikizwa kwa joto, na hiyo hupita majaribio yote niliyoyataja. Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba kila punje ni kipande kimoja cha asili. Akisitasita, nenda duka jingine.