Delos na watoto: kisiwa nakipa nyota tano, mwongozaji sijui nimpe nini

Nilidhani nikisubiri kidogo hasira zitapoa ndipo niandike. Hazijapoa. Anayetaka tathmini ya mtu aliyetulia atafute nyingine, hii ni ya mama aliyechukizwa.

Tulikuwa Mykonos, kisiwa cha Ugiriki, likizo ya kiangazi, mimi, mume wangu na watoto. Binti yangu yuko katika umri wa kusoma kila kibao na kuuliza kila kitu, mdogo wake yuko katika umri wa kupanda kila ukuta. Delos, kisiwa cha magofu ya kale, iko jirani tu, nusu saa hivi kwa boti. Ukitaka unakata tiketi ya boti na ya kuingilia unajizungukia mwenyewe, lakini sisi tulilipia ziara yenye mwongoza watalii, tena ile waliyoitangaza kuwa ya familia zenye watoto. Nililipa kwa moyo mweupe, maana magofu bila mtu wa kuyasimulia kwa mtoto ni mawe.

Kampuni siitaji. Wala yule bwana simtaji. Na haki yake nitampa, kwa sababu nusu saa ya kwanza alinifurahisha mno.

Ukishuka botini unaingia moja kwa moja katika uwanja wa biashara wa zamani, karibu kabisa na gati. Akawaonyesha watoto matundu yaliyochongwa katika mawe ya sakafu, akasema ni ya miti ya vibanda vya wachuuzi, walisimamisha nguzo humo wakatandaza turubai kupata kivuli. Mwanangu mdogo akachomeka kidole katika tundu moja, akahamia la pili, akahamia la tatu, hataki kuondoka. Mimi mwenyewe niliinama nikagusa. Ukingo wa tundu umekuwa laini kama bao la kukunia nazi lililotumika miaka. Hapo ndipo nilipojiambia pesa yangu imefanya kazi.

Akasimulia habari za Leto, mjamzito wa mungu Zeus, anavyofukuzwa kila pwani kwa wivu wa Hera, mke wa Zeus, mpaka kijisiwa hiki kikavu ndicho kikamkubali, akajifungua mungu Apollo akiwa ameshikilia mtende. Akaeleza kwamba kwa sababu ya utakatifu huo Waathene, mwaka 426 KK, walifukua makaburi yote wakahamishia mifupa kisiwa cha pili, Rheneia, wakapiga marufuku mtu kuzaliwa au kufa Delos. Mwenye uchungu wa kujifungua anapakiwa mtumbwini, mgonjwa mahututi anapakiwa mtumbwini. Binti yangu alitoa macho. "Sasa mtu akifa ghafla je?" Yule bwana akacheka, akasema swali zuri. Naliweka hili wazi ili mjue kwamba maswali alikuwa anayapenda, mengine.

Kwenye simba napo alikuwa sawa. Ni simba wa marumaru, zawadi ya watu wa Naxos karne ya 7 KK, wamekaa safu wakielekea lilipokuwa ziwa takatifu. Waliopo nje sasa ni nakala, wa asili wamewekwa makumbusho wasiliwe na upepo wa chumvi, na mmoja yuko Venice, amebandikwa kichwa kisicho chake. Ziwa lenyewe halipo. Lilikaushwa miaka ya 1920 kwa sababu ya malaria, na katikati yake umepandwa mtende kumkumbuka Leto. Watoto walishangaa kusikia malaria ilikuwa Ugiriki. Wao wanaijua kama habari ya kwa bibi Unguja, ya vyandarua na vidonge, leo wanaambiwa ilikuwa hapa kwa Apollo. Tukaongea hilo njia nzima na lilikuwa jambo zuri kabisa.

Basi tukapanda mtaa wa karibu na ukumbi wa michezo ya kuigiza. Hapa ndipo utajiri wa Delos unapoonekana: nyumba za wafanyabiashara zenye ua katikati, birika la maji ya mvua chini ya ua, nguzo, sakafu za mozaiki. Tukasimama kwenye nyumba inayoitwa ya Cleopatra. Si yule malkia wa Misri, ni mwanamke wa Athene aliyemsimamishia mumewe, Dioskourides, sanamu nyumbani kwao kwa sababu mume alitoa zawadi za madini ya fedha katika hekalu la Apollo. Sanamu mbili, mke na mume, mikunjo ya nguo inaonekana vizuri kabisa, vichwa hakuna. Mwongozaji akaeleza kwamba Warumi, mwaka 166 KK, waliifanya Delos bandari isiyotozwa ushuru, biashara yote ikahamia hapa, watu kama hawa wakatajirika. Akasema mvinyo, mafuta, manukato, vitambaa. Akataja bidhaa nyingi.

Binti yangu akanyoosha mkono. Ndivyo alivyofundishwa, hadakii maneno ya mkubwa. Akauliza kwa Kiingereza chake kizuri: "Na watumwa waliuzwa wapi?"

Hakulitoa kichwani. Alikuwa amesoma kabla hatujasafiri. Na ni kweli, hakuna anayebisha: Delos lilikuwa moja ya masoko makubwa ya watumwa katika bahari ya Mediterania. Strabo, mwanajiografia wa kale, aliandika kwamba kisiwa hiki kiliweza kupokea na kusafirisha watumwa makumi ya maelfu kwa siku moja. Hata tukisema alizidisha, gawanya kwa kumi, bado ni watu wengi mno kwa kisiwa ambacho unaweza kukizunguka kwa miguu.

Yule bwana hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi. Akasema, "Mama, mwambie mtoto tuko likizo. Hii ni ziara ya furaha." Watu wawili watatu wakacheka kidogo, ile ya kuondoa aibu. Binti yangu mkono bado uko juu. Kisha, sijui alidhani ananifanyia hisani, akasogea karibu yangu akashusha sauti: "Halafu watumwa wa hapa hawakuwa wa kwenu. Hawakuwa weusi. Asiwe na wasiwasi."

Binti alisikia. Akajibu yeye, mimi bado natafuta pumzi: "Sikuuliza walikuwa rangi gani. Nimeuliza waliuzwa wapi."

Hakujibiwa. Yule bwana aligeuka akatangaza kwamba sasa tunaelekea kwenye mozaiki ya pomboo.

Nimezaliwa Unguja. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na juu yake likajengwa kanisa kuu la Waanglikana. Tangu niko shule ya msingi tumepelekwa pale, na wanangu nimewapeleka nilipokwenda kumsalimia mama. Pana vyumba vya chini ambavyo wageni huonyeshwa, dari iko chini huwezi kusimama. Nje pana sanamu za watu shimoni, na minyororo shingoni mwao. Mwongozaji wa pale alichuchumaa mbele ya wanangu akawaambia taratibu nini kilifanyika, nani aliuza, nani alinunua, akawataja na Waarabu, na Wazungu, na Waafrika wenyewe, hakumficha mtu. Mdogo aliuliza kama waliuza na watoto. Akaambiwa ndiyo. Alilia, tukamkumbatia, jioni akala urojo Forodhani kama kawaida yake. Mtoto anaweza kubeba ukweli akipewa na mtu mzima anayemheshimu. Asichoweza kubeba ni kufanywa mjinga mbele za watu.

Halafu hilo la "si wa kwenu". Walikuwa wa nani basi? Waliuzwa Wasiria, watu wa Thrakia, watu wa nchi za Uturuki ya leo, waliotekwa vitani na waliokamatwa na maharamia. Hao hawana mama? Yule bwana alidhani mtoto mweusi anauliza habari za utumwa kwa sababu ni mweusi. Mwanangu aliuliza kwa sababu alikuwa anatazama nyumba ya vyumba vingi na birika kubwa akawa anajiuliza nani alikuwa akiteka maji. Hilo ndilo swali la mtu aliyeelewa magofu kuliko kundi zima lililokuwa linapiga picha.

Tuliendelea na ziara, sikuona tena kitu. Pomboo wale ni wazuri, wamepandwa na vimalaika vidogo, kila mtu anawasifu. Mimi nilimwona yule bwana tu, na kofia yake. Kila aliposema "tajiri" damu ilinichemka. Jua likawa kali kuliko saa mbili zilizopita, na kisiwa kile hakina kivuli, mti wa maana ni ule mtende. Mume wangu akaninong'oneza nisimharibie mtoto siku. Nikanyamaza. Nyota moja, nilikuwa nimeshaamua, na barua kwa kampuni nilikuwa nimeshaianza kichwani.

Lakini ziara ikiisha unaachwa huru mpaka boti iondoke, na hapo mambo yakageuka. Mwanangu mdogo alikimbiza mjusi. Delos ina mijusi mikubwa ya kijivu yenye madoa, inaota jua juu ya kila jiwe, na kwa mtoto wa kiume hiyo ndiyo Delos yenyewe. Mjusi akapanda ukuta, na yeye nyuma yake. Filimbi ikalia. Mlinzi, mama wa makamo, anakuja kwa hatua ndefu. Nikasema moyoni, haya, na huyu naye.

Akamshusha mtoto kwa mikono yake mwenyewe, akamwonyesha namna ukuta ulivyolegea, mawe yanacheza. Hakufoka. Binti yangu, ambaye mimi nilidhani ameshakata tamaa, akamuuliza swali lile lile. Yule mama Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Akafikiri kidogo, akamshika mkono, akatupeleka mpaka kwenye uwanja mkubwa kuliko yote kisiwani, ule wa Waitalia, karibu na lilipokuwa ziwa. Majani makavu, nguzo zilizoanguka, vyumba vyumba pembeni. Akasema wapo wataalamu wanaodai ni hapa. Wapo wanaokataa, wanasema Waitalia walikutania hapa tu kwa mambo yao, na kwamba watu waliuzwa kule kule gatini, waliposhushwa. Wafaransa wanachimba kisiwa hiki tangu miaka ya 1870, akasema, na bado wanabishana. Kisha akamwambia binti yangu, "Wewe ukikua uje uchimbe."

Dakika tano hazikufika. Mtu anayelipwa kulinda mawe alimjibu mtoto, mtu niliyemlipa mimi kuyaeleza alikataa.

Sasa nyota ngapi? Kwa kisiwa, tano, na wapelekeni watoto. Wapelekeni asubuhi, kofia, maji ya kutosha, viatu vya kufunika vidole, na muulize kwanza kuhusu upepo, maana ule wa kiangazi wanaouita meltemi ukichachamaa boti haziendi. Kwa ziara ile, hasira zikipanda nasema sifuri, nikikumbuka matundu ya vibanda na mwanangu alivyochomeka kidole nasema mbili. Hapana, moja. Mtu anayejua historia kiasi kile na bado akachagua kumnyamazisha mtoto ana kosa kubwa kuliko asiyejua kitu.

Kampuni niliiandikia tuliporudi. Walijibu haraka, kwa adabu, wakasikitika kwamba "hatukufurahia", wakanipa punguzo la bei kwa safari ya boti ya kuogelea tukirudi Mykonos. Nikawajibu punguzo silihitaji. Nikawaambia mteja aliyekosewa si mimi, ana jina lake, na swali lake bado liko pale pale, wamwambie mfanyakazi wao aketi aliandikie jibu, ukurasa mmoja unatosha, nami nitamsomea. Hilo hawajalijibu mpaka leo, na kila wiki binti yangu ananiuliza kama barua imekuja.