Duka la fremu Kariakoo: fimbo ya Tsar imerudi

Naimba besi kwenye kwaya ya kanisa Kijitonyama, na simu yangu haikosi opera ya mtunzi Mrusi Rimsky-Korsakov iitwayo Pskovityanka. Mwishoni Tsar (mfalme wa Urusi) Ivan wa Kutisha, naye ni besi, anamlilia Olga, binti aliyekuja kutambua kuwa ni damu yake, kapigwa risasi kwenye vurugu. Kilio kile ndicho kilichonifanya nitamani mchoro wa mchoraji Mrusi Ilya Repin wa 1885 sebuleni kwangu: Ivan yuleyule kampakata mwanawe aliyempiga kwa fimbo, kiganja kimeziba jeraha la panjani, damu inapenya vidoleni, macho yamemtoka pima.

Nikapeleka faili kwenye duka dogo la fremu Kariakoo, upande wa Msimbazi. Saizi A2, fremu nyeusi ya mbao na kioo, sh. 70,000, siku tatu. Fremu haina kasoro: kona zimeshikana, mbao imepigwa msasa ikalainika. Tatizo lilikuwa picha. Mchoro halisi una sentimita 199.5 kwa 254, na A2 ni ndefu zaidi kwa upana wake, basi kijana wa kompyuta akaukata juu na chini ili ujae. Kadibodi ya pembeni ikamalizia, fimbo iliyolala kwenye zulia ikabaki kipande. Tena alikuwa ameongeza mwanga, chumba cha giza kikawa cheupe na zulia jekundu likageuka la chungwa.

Nikamwambia, "Fundi, bila fimbo mtu atadhani kijana ameanguka na baba anamsaidia."

Akainama kuitazama. "Kumbe mzee huyu ndiye aliyempiga?"

Tukakaa. Nikamsimulia kwamba Repin alieleza mwenyewe jinsi muziki wa Rimsky-Korsakov aliousikia Moscow mwaka 1881 ulivyomsukuma kuuchora, kwamba Tsar Alexander III aliukataza usioneshwe, na kwamba mwaka 1913 mtu aliuchana nyuso kwa kisu. "Ukapona?" akauliza. Ulikarabatiwa, ukapakwa upya, upo kwenye jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow, hadi leo.

Alichapa tena bila kunidai hata mia. Safari hii aliacha ukanda mweupe pembeni badala ya kukata, na rangi hakuzigusa. Ilichukua siku mbili zaidi. Sasa fimbo ipo yote, na usiku taa ikiwa ya kona tu, unaona macho ya Ivan kwanza, halafu vidole.

Kioo chao kinang'aa. Mchana dirisha langu linakaa juu ya uso wa Tsar, ikabidi niihamishe picha ukuta mwingine. Ukienda, waambie wasikate wala wasiongeze mwanga, na uione kwanza kwenye skrini kabla haijachapwa.

Mwezi ujao nawapelekea mchoro mwingine, Ivan wa Viktor Vasnetsov, wa 1897, aliyesimama na fimbo mkononi. Mchoro huo ni mrefu mwembamba, na kijana nimeshampa vipimo.