Kibanda cha vitabu Langoni, na duka la McQuesten

Nauza misumari, kamba na pamba ya kukalafati vyombo hapa Langoni, Lamu. Juzi nilipita kwenye kibanda cha vitabu vya mitumba, kile kinachofunguliwa baada ya Alasiri. Kuazima ni shilingi 50 kwa wiki, na kila kitabu kimetiwa kwenye nailoni kisiharibiwe na chumvi. Sikuwa na chenji. Mzee akaniambia, "Chukua mwanangu, utalipa ukirudisha." Hakuandika popote.

Nilichochukua ni maisha ya Leroy Napoleon McQuesten, aliyejulikana kwa jina la Jack. Alizaliwa Marekani mwaka 1836, na 1874 akafungua kituo cha biashara, Fort Reliance, kando ya mto Yukon huko Kanada, karibu na ulipo mji wa Dawson sasa. Mto Fortymile ulipewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake ulikadiriwa kuwa maili 40 kutoka dukani kwake. Hebu fikiri, duka kuwa kipimo cha njia!

Mwanzo alinunua ngozi za manyoya kwa wenyeji. Wachimba dhahabu walipoingia, akawapa unga na maharage kwa mkopo, walipe wakipata. Aliyerudi mikono mitupu alipewa tena msimu uliofuata. Ukurasa huo nimeusoma mara tatu. Nina wavuvi ninaowadai tangu kusi ichafue bahari, na najua moyo unavyokuwa mzito unapompimia mtu kamba mpya juu ya deni la zamani.

Bidhaa zake zilipanda mto kwa meli ya mvuke, miezi ile michache ambayo maji hayajaganda. Meli ikichelewa, ni njaa. Wazee wetu waliosubiri majahazi ya kaskazi wangemwelewa mara moja. Inasimuliwa pia kuwa alipanga vichupa nje ya duka kupimia baridi. Kimoja kilikuwa cha zebaki, ambayo huganda karibu nyuzi 39 chini ya sifuri.

Kasoro ni mbili. Ramani imechanwa, na mzee angeniambia mapema. Halafu mkewe Katherine, Mkoyukon (kabila la wenyeji wa Alaska), amepewa kurasa chache mno. Funguo za duka langu anashika mke wangu, kwa hivyo hilo limeniuma.

Jumamosi napeleka kitabu na shilingi zangu 50, nimwombe anitafutie ramani ya Yukon.