ILCA au 470 kwa kijana wa Mwanza?
Kijana wa Mwanza anayeota Olimpiki ya boti za tanga, mimi nasema aanze na ILCA. Ni boti ya mtu mmoja, tanga moja. Wanaume hutumia ILCA 7 yenye tanga la mita za mraba 7.06, wanawake ILCA 6 yenye 5.76, lakini chombo chenyewe ni kilekile. Kaka na dada wanaweza kupokezana pale Capri Point kwa kubadilisha tanga na kipande cha chini cha mlingoti. Upepo wa mchana ukikaza, unanasa miguu kwenye mkanda wa ndani ya boti, unaning'iniza mwili nje ya ubavu, mapaja yanawaka moto.

470 ni boti tamu pia: ya watu wawili, mmoja ananing'inia nje kwa waya kutoka mlingotini. Tangu Olimpiki ya Paris 2024 ni mwanamume na mwanamke pamoja. Ila mwenzako akisafiri, mazoezi yamekufa.