Kitambaa cha shilingi 250 na maji: michirizi ya kioo cha gari kwisha

Tazama hapa. Achana na uso wangu, tazama kioo. Mnaona haya mawimbi meupe, kama ubao uliofutwa na mwanafunzi mvivu? Hili gari lilioshwa jana. Nikalipa, nikashukuru, nikashika Waiyaki Way jua la saa kumi na mbili likinipiga usoni, na kufika Kangemi nilikuwa naendesha kwa imani tu. Matatu iliyo mbele siioni, naona michirizi.

Karibuni tena, watu wangu. Kwa wageni: vitu vya hapa nanunua kwa pesa yangu. Leo ni hiki kitambaa cha vioo, maikrofaiba, kile chenye vijumba vidogo kama daftari la hesabu. Nimekitoa Kirinyaga Road. Muuzaji alianza na 400, tukabishana, tukaachana kwa 250. Vipimo vyake vimeandikwa kwenye pakiti, sitawasomea.

Nimegawanya kioo cha mbele katikati kwa utepe. Kushoto kwa abiria, tutafanya tulivyozoea: dawa ya buluu ya kupuliza na fulana kuukuu ya Gikomba. Kulia kwangu, kitambaa na maji. Maji tu, hakuna kingine.

Haya, kushoto. Fyu, fyu, fyu. Napangusa kwa duara, kama mama anavyompaka mtoto Vaseline. Kinang'aa, si ndiyo? Ngoja niwashe tochi ya simu, niishike hivi, kwa pembeni. Eeh! Pete, pete, pete. Na sikilizeni, huo si uchafu uliobaki. Ni dawa yenyewe. Umepuliza nyingi, fulana ikashiba, sasa inaihamisha tu, inaitoa hapa inaipeleka pale. Juu yake imeacha na vinyuzi.

Kulia sasa. Nakunja kitambaa mara mbili, halafu tena, napata pande nane safi za kugeuzageuza. Upande mmoja naulowesha, nakamua mpaka hautoi hata tone. Napitisha kwa mistari iliyonyooka, siendi duara. Kabla maji hayajakauka, nageuza upande mkavu, narudia palepale. Hivi vijumba ndivyo vinanyonya, mnaona? Kitambaa laini cha kawaida kingekuwa kinateleza tu. Tochi... Hakuna kitu. Sogeza kamera, sogeza! Nimefanya hivi mara tatu kabla hamjafika na bado nacheka peke yangu.

Samahani, ua la jakaranda limeniangukia kwenye boneti. Nimeegesha kivulini makusudi, maana kioo chenye joto kinakausha maji kabla hujageuza kitambaa.

Kitu kingine: ndani pangusa kulia-kushoto, nje juu-chini. Mchirizi ukibaki, mwelekeo wake unakuambia uko upande gani, huna haja ya kuingia na kutoka kwenye gari kama mtu aliyepoteza funguo. Na madirisha ya milango yashushe kidogo kwanza. Ule ukingo wa juu huwa umejificha kwenye mpira na uchafu wa mwaka mzima.

Sasa, nilisema maji tu. Nimewadanganya kidogo. Huku ndani kuna utando wa mafuta. Jua linachoma dashibodi, plastiki inatoa mvuke, mvuke unakwenda kuganda kwenye kioo. Ile polishi inayofanya dashibodi imetemete kama viazi karai inaongeza matatizo. Hapo weka siki nyeupe, kifuniko kimoja kwenye chupa ya nusu lita, kisha umalizie na maji matupu. Nayo yawe ya kanjo, yaani ya bomba, au ya mvua. Maji ya chumvi yakikauka yanaacha madoadoa meupe hata ukipangusa na hariri. Na kama una tinti, soma nyuma ya chupa ya dawa. Ukiona amonia, irudishe rafuni, inaharibu tinti.

Wale wa gazeti nawajua. Ndiyo, gazeti linafanya kazi. Lakini wino unabaki vidoleni na kwenye mpira wa mlango, na siku hizi nani ananunua gazeti la karatasi? Baba yangu, na hataki mtu aguse ukurasa wa vifo.

Kinachoniudhi na kitambaa hiki ni kudekadeka. Cha kwanza nilikiua mwenyewe. Nilikifua pamoja na mashuka, nikatia ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri. Kikatoka kinanukia maua na hakinyonyi tena hata chozi. Kifue peke yake, sabuni kidogo, ukianike. Hata hivyo kwa 250 nitanunua vingine viwili. Kule duka kuu nimekiona kwa zaidi ya mara mbili ya hiyo bei, pakiti tu ndiyo nzuri.

Video za Alhamisi zinahamia Jumamosi, binamu yangu anayezihariri ana mitihani. Inayofuata ni wipa, maana hizi zangu zinalia kama paka.

Haya, nitoe huu utepe muone pande zote mbili kwa pamoja... Ala! Umeacha gundi. Katikati kabisa ya kioo. Zima kamera, leta siki.