Spika ya kuchaji kutoka Kariakoo, baada ya miezi kadhaa ya huduma

Niliinunua kwa ajili ya ibada za nyumba kwa nyumba hapa Mbagala. Kijana wa dukani alianzia 350,000, tukamalizana kwa 280,000 pamoja na maiki mbili zisizo na waya.

Sauti ni safi. Juzi msibani umeme ulikatika katikati ya mahubiri, yenyewe ikaendelea, na kina bibi waliokaa mkeka wa mwisho kabisa, kule chini ya mwembe, walisikia kila neno. Nilimshukuru Mungu palepale.

Ila maiki moja inakwaruza ukiisogeza mdomoni. Nikairudisha, nikaambiwa warantii haihusu maiki. Iliniuma, maana ile ni sadaka ya mama ntilie na vijana wa bodaboda.

Intaneti ilipozimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, kundi letu la WhatsApp lilinyamaza. Nililala sijui kondoo wangu wako salama au la. Tangu hapo matangazo nayatoa kwa spika, uani, hata mwenye kitochi anayapata.

Nunueni, wapendwa, lakini jaribuni maiki zote mbili kabla ya kulipa.